Taulo za Mama Mashuka

Mama Mashuka alikuwa na sheria moja: mgeni halali kwenye shuka lenye mkunjo. Ukimwona anavyolivuta, anavyolipiga kofi na kulichomeka chini ya godoro, ungedhani ana kesi nalo. Meli ile ya mtoni ilikuwa na vyumba kumi na viwili na vitanda ishirini na vinne, na kwa miaka tisa vyote vilipita mikononi mwake. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye karatasi za ofisini. Melini hata mpishi, ambaye hakumheshimu mtu, alimwita Mama Mashuka.

Wageni walikuja kupumzika. Walipanda mto siku tatu, wakalala usiku mmoja kwenye ziwa dogo ndani kabisa ya msitu, kisha wakashuka tena. Kulikuwa na viti vyenye mito laini, juisi baridi, na nyani na ndege wa kutazamwa bila mtu kuchafua viatu. Miti mikubwa ilipita pande zote mbili, mirefu, imebanana, na mgeni aliyechoka kuitazama alifumba macho na hakuna aliyemsumbua. Mama Mashuka aliwapenda wageni wake, lakini aliwaonea gere kwa jambo moja. Hawakujua waogope nini.

Yeye alijua. Nahodha wa meli ile alikuwa mumewe, na mumewe alikuwa haoni.

Si kipofu wa kupapasa ukuta, la. Chumbani alipita vizuri, mezani alijua sahani iko wapi, na watu walimwona anatembea kifua mbele kama siku zote. Lakini macho yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, na dunia kwake ilikuwa imejaa ukungu. Mwenyewe alilifanyia utani. "Tulijaliwa mabinti watatu," alimwambia mkewe, "Mungu akaona atuongezee wa nne, wa jicho." Mama Mashuka alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili hakucheka, akamwambia aende hospitali.

Hapo ndipo utani uliisha. Baba yake nahodha, zamani hizo, aliingia chumba cha upasuaji akitembea mwenyewe, akatoka ameshikwa mkono, na hakuona tena jua hadi alipokufa. Mwana alikuwa amemshika mkono huo miaka kumi na mmoja. Ukimtajia kisu cha macho, mwanaume mzima aliyewahi kupitisha meli kwenye mafuriko alitoka jasho. Aliapa hatapelekwa, na aliapa zaidi kwamba kampuni haitajua. Karatasi zote za kazi alisomewa na mkewe usiku chumbani, ofisini yeye akasema amesahau miwani, akatia sahihi pale alipowekewa kidole.

Na meli je? Hapa ndipo zilipoingia taulo.

Mama Mashuka alikuwa binti wa msafirisha magogo. Alikulia juu ya magogo yaliyofungwa pamoja, yakielea siku nyingi, baba yake akimfundisha maji kama watoto wengine wanavyofundishwa herufi. Maji yaliyonyooka yana kina. Maji yenye mikunjo midogo yana mchanga chini yake. Maji yanayovimba na kuzunguka mahali pamoja yameficha mwamba, na hayo uyaogope kama deni la mganga. Kwa ufupi, mto ulikuwa kitanda, na mkunjo wowote ulikuwa na sababu. Lakini nani alimwuliza? Alipoomba kazi kwenye meli alipewa ndoo na sabuni.

Miaka mitatu kabla ya safari hii, meli ilisugua fungu la mchanga ambalo hata mtoto angeliona. Usiku ule nahodha alikaa ukingoni mwa kitanda, kichwa mikononi. "Nilikuwa naona kitu kimoja tu," alisema. "Taulo zako ulizoanika kule mbele. Cheupe nakiona. Kingine chote ni uji."

Mkewe alimaliza kukunja taulo aliyoishika. Kisha akasema, "Basi nitakuwa naanika."

Ikawa hivyo. Omo, yaani pale mbele kabisa meli inapochongoka, palikuwa na ukingo wa chuma hatua kumi na tano kutoka chumba cha usukani, ambacho kilikuwa juu. Taulo nyeupe upande wa kulia: pinda kulia. Upande wa kushoto: pinda kushoto. Mbili pamoja: punguza mwendo. Ukingo mtupu: nyooka. Mama Mashuka alikaa pale na kapu lake, akikunja na kukunjua, akitazama maji, na hakuna aliyeshangaa, maana nani anamshangaa mfua nguo? Mto mwenyewe nahodha aliujua kwa kichwa. Alichohitaji ni kuambiwa mchanga umehamia wapi na maji yameshuka kiasi gani. Mke aliona, mume akazungusha usukani, na meli ilipita miaka mitatu bila mkwaruzo.

Tuseme ukweli wote: alipenda. Alipoweka taulo upande wa kulia na chuma chote kile, na vitanda vyake ishirini na vinne, kikageuka kulia taratibu kwa ajili ya kitambaa chake, Mama Mashuka alisikia raha ambayo hakumwambia mtu. Raha hiyo ndiyo iliyomfanya aache kutaja hospitali.

Safari tunayoisimulia ilianza vibaya kwa sababu ya mtu mwema. Kampuni ilileta meneja mpya wa wageni, mwanamke kijana mwenye viatu visivyotoa sauti, aliyeamini kwamba mgeni asione kazi inavyofanyika. Wafanyakazi hawapigi kelele. Wafanyakazi hawakimbii. Na siku ya pili akasimama omo, akatazama ukingo.

"Mama, samahani sana," alisema. "Wageni wanapiga picha za msitu, wanapata taulo."

"Ni za mikono tu, meneja. Zinakauka upesi hapa, kuna upepo."

"Tutazikausha nyuma, jikoni. Mbele pawe pasafi."

"Nyuma kuna moshi. Mgeni atafuta uso na taulo inayonuka samaki."

Meneja alifikiri, akakubali nusu. Taulo moja au mbili, kwa muda mfupi, wageni wakiwa mezani. Mama Mashuka alishukuru kwa mdomo. Moyoni alihesabu: siku ya tatu, kabla ya kufika ziwani, wangepita Mlango.

Mlango ni kisiwa kilichokaa katikati ya mto, kikiwa na mti mmoja mrefu mkavu juu yake, na maji yanapita kulia kwake na kushoto kwake. Njia ya kushoto ni pana, inakaribisha, na wakati wa mvua nyingi ndiyo njia. Maji yakishuka, chini yake kuna miamba kama meno ya msumeno, kiganja kimoja chini ya maji, huioni. Njia ya kulia ni nyembamba lakini ina kina mwaka mzima. Wakati wa kupanda mto, mtu mwenye macho anatazama alama ya maji kwenye mawe ya kisiwa, anaamua. Mwaka ule mvua zilikatika mapema. Maji yalikuwa yanashuka kila siku.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Mama Mashuka alikuwa omo na kapu lake. Mbele yao palikuwa na robo saa ya maji yaliyonyooka, halafu kona, halafu Mlango. Ukingo ulikuwa mtupu, kama ilivyotakiwa. Meneja alikuja bila sauti.

"Mama, chumba namba tisa wamemwaga chai kitandani. Tafadhali, sasa hivi."

"Dakika ishirini, meneja, namalizia hizi."

"Mgeni amesimama mlangoni anasubiri."

Angekataa vipi? Angesema nini? Alihesabu tena: robo saa. Kitanda kimoja kwake kilikuwa kazi ya dakika sita. Akabeba kapu lake na kwenda.

Njiani alipishana na mgeni wa chumba namba nne, mwalimu mkuu mstaafu, bibi mnene mchangamfu aliyevaa miwani myeusi. Mama Mashuka alimpenda kuliko wote, kwa sababu siku ya kwanza alikuwa amemkuta chumbani anasoma kipande cha sabuni. "Nisamehe," mwalimu alimwambia, anacheka. "Nilipasuliwa macho miezi mitatu iliyopita, yote mawili. Sasa nasoma kila kitu. Nimesoma sabuni, nimesoma godoro, nimesoma mpaka onyo la moto." Maneno hayo yalimchoma Mama Mashuka siku mbili nzima. Alitaka kumshika mwalimu mkono, ampeleke chumba cha usukani, amwambie: mwambie huyu. Hakuthubutu. Sasa mwalimu alikuwa ametoka kuoga, ana taulo yake ya nyumbani begani, anaenda kukaa mbele aone msitu. Walisalimiana, wakapita.

Chumba namba tisa kilikuwa upande wa kulia, karibu na nyuma. Alilivua shuka lenye chai, akatandika jipya, akalivuta pembe ya kwanza, ya pili. Alikuwa na shuka la juu begani, bado kulikunjua, aliposikia meli inalala.

Meli inapokata kona, sakafu inakuambia. Miguu yake ilijua kabla ya kichwa: ile ilikuwa kona ya mwisho, wamefika mapema kuliko alivyohesabu. Sawa, alifikiri, mume wangu atanyooka, halafu atapunguza asubiri. Lakini sakafu haikurudi sawa. Meli ilizidi kulalia, inakwenda kushoto.

Alitazama dirishani. Mti mkavu ulikuwa pale, mbele kidogo, upande wa kulia. Mti ule ulipaswa kuonekana kutoka vyumba vya upande wa pili.

Mama Mashuka alikimbia.

Alikimbia kwenye ujia wenye zulia, shuka likimburuta begani, akapita katikati ya ukumbi wa chakula ambako wageni walikuwa na vikombe mikononi. "Mama!" meneja alimaka. "Hatukimbii!" Mtu alivuta kiti chake, kijiko kikaanguka. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu na goti moja bovu, na hajakimbia tangu binti wa mwisho alipojifunza kutembea. Akasukuma mlango wa kioo kwa bega.

Omo, mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti laini, miguu juu, anatabasamu na msitu. Na kwenye ukingo, upande wa kushoto, ilitandazwa vizuri taulo yake, ikauke.

Mbele yao, si mbali, maji ya njia ya kushoto yalikuwa yanavimba na kuzunguka. Mahali pamoja. Mahali pawili. Mahali kumi.

Aliing'oa taulo ile akaitupa sakafuni. Hapo hapo akajua haitoshi: ukingo mtupu maana yake nyooka, na kunyooka ilikuwa kwenda kwenye meno. Akarukia upande wa kulia, akalikunjua shuka lote, akalitikisa nje ya meli kwa mikono yote miwili, upepo ukalijaza likampiga usoni, akapiga ukelele ambao hakujua anao.

"Kulia! Baba, kulia! Kuliaaa!"

Kwa kitambo hakuna kilichobadilika. Injini iliendelea vile vile, kwa adabu, na meli iliendelea na safari yake ya kifo. Mama Mashuka hakugeuka kumtazama mumewe. Aliogopa kwamba akigeuka shuka litashuka. Alilitikisa tu, akiwaza watu ishirini na wawili waliomo melini na mabinti wake watatu, kisha akahisi sakafu inanyooka chini ya miguu. Ikalalia kulia. Pua ya meli ilianza kugeuka, polepole mno, huku mkondo ukiisukuma nyuma, na safari hii mkondo ulikuwa rafiki. Kitu kilisaga ubavuni, chini, upande wa kushoto. Sauti ndefu, ya meno. Glasi zilibingirika mezani. Kisha mti mkavu ukapita upande wa kushoto, upande wake, na maji mbele yakawa yamenyooka kama kitanda kilichotandikwa.

Wageni walipiga makofi. Walidhani ni mila ya melini, kupeperusha shuka kwenye kisiwa. Mmoja aliomba arudie, hakuwahi kupiga picha.

"Nimekosea kuianika pale?" mwalimu aliuliza, akiokota taulo yake.

"Hapana, mwalimu," Mama Mashuka alisema. "Niazime kidogo. Nitaikausha mwenyewe."

Walifunga kamba ziwani saa tisa. Nahodha alikuja moja kwa moja stoo ya mashuka, akafunga mlango. Ni chumba kidogo chenye rafu mpaka juu, kina harufu ya sabuni na pasi, na wakigombana ndipo walipokuja, kwa sababu mashuka yanameza sauti. Alikuwa na hasira, au na kitu kinachofanana na hasira.

"Ulikuwa unafanya nini, mama? Unaniambia kushoto, halafu unanipigia kelele kulia mbele za watu!"

"Sikukuambia kushoto."

"Nimeiona taulo."

"Uliona taulo gani, baba?"

"Taulo! Kushoto, kama siku zote. Nikasema labda maji yamepanda, mke wangu ameona."

Mama Mashuka alichukua taulo ya mwalimu kutoka kwenye rafu, akamwekea mikononi. "Uliona hii. Si yangu. Niambie imechorwa nini."

Aliinyanyua mpaka ikakaribia pua. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha dogo. Alichukua muda mrefu, na mkewe alimwacha, ingawa kumtazama kulimuuma.

"Maua," alisema mwishowe.

"Rangi gani?"

"Ya... mekundu?"

"Mekundu, makubwa kama sahani, juu ya nyeupe. Hatua kumi na tano, baba, na hukuona hata moja."

Nahodha aliketi juu ya gunia la nguo chafu. Hasira ilimtoka yote, akabaki mzee.

"Kesho tunashuka. Tutapita pale pale. Mimi sitaweka kitu kwenye ukingo."

"Unanitania."

"Sina utani leo."

"Maji haya umeyavulia nguo mwenyewe miaka mitatu," alisema nahodha kwa sauti ya chini. "Leo hutaki kuyaoga?"

"Nitayaoga. Wageni je? Nao wamevua?"

Mama Mashuka naye alikuwa na lake la kusema, na lilimtoka kwa shida. "Kosa si lako peke yako. Mimi nilipaswa kukuburuta hospitali mwaka ule wa kwanza. Nikaona utamu wa kuendesha meli kwa mkono wako. Nakuomba msamaha kwa hilo. Lakini kesho ukingo utakuwa mtupu, na wewe utaamua mwenyewe utakachofanya."

"Unataka kunivua heshima mbele ya watu wote."

"Nataka uivue mwenyewe, baba watoto, uiweke mahali utakapoikuta tena."

Usiku walilala kitanda kimoja, mgongo kwa mgongo, shuka limenyooka katikati yao, na asubuhi alitoka bila chai.

Mama Mashuka alikuwa na mpaka wake, hakumwambia. Mti mkavu kwa mbali unaonekana kama kijiti. Ukisogea unaona una matawi, na ukisogea zaidi unaweza kuyahesabu: yako saba. Akifika tawi la saba na meli haijasimama, atapiga kelele, ataingia chumba cha usukani, atanyang'anya, na ndoa ife kama ni ya kufa. Hakuwa tayari kuua mtu ili kumfundisha mumewe adabu. Alikaa kwenye kigoda omo, taulo zote zimekunjwa ndani ya kapu, mikono mapajani. Hakuwahi kukaa hivyo. Mikono ilikuwa mizito kama ya mtu mwingine.

"Leo mbele pasafi kabisa," meneja alisema akipita. "Nashukuru sana, Mama."

Wakapita maji yaliyonyooka. Wageni walikuwa sitahani, mwalimu kwenye kiti chake kile kile, juisi mkononi. Kona ya upande wa juu ikaja na kisiwa kikatokea. Wakati wa kushuka mkondo unakusukuma. Mambo yanakuja upesi. Kijiti kikawa mti. Mama Mashuka akaona tawi la kwanza, nene, lililovunjika ncha. La pili. Injini haikubadilika. La tatu lilikuwa na kiota. Aligundua kwamba ameshika kapu kwa nguvu mpaka ukili umemkata. La nne. Baba, alisema moyoni, baba, nakuomba. La tano. Akainuka kwenye kigoda, akavuta pumzi ya kupigia kelele.

Injini ikanguruma kinyumenyume. Honi ikalia mara moja, ndefu, ndege wakaruka msituni pande zote mbili. Kisha mnyororo wa nanga ukaanza kushuka kwa kishindo. Meli ilivutwa, ikasita, ikasimama.

Mlango wa chumba cha usukani ulifunguliwa. Ngazi ile ina vidaraja kumi na kimoja, na Mama Mashuka alivihesabu kwa niaba yake, midomo ikicheza, kwa sababu aliona mguu wa mumewe unavyotafuta kila kimoja. Siku zote alishuka akijifanya. Leo alipapasa mbele za watu.

"Samahani, wageni wangu," alisema. "Mimi ndiye nahodha, na sioni. Si jana wala juzi, ni miaka mitatu. Jana pale nusura niwaue, mkapiga makofi. Aliyewaokoa ni mke wangu, huyu anayewatandikia vitanda, na ndiye amekuwa macho yangu wakati wote huo. Sitagusa usukani tena."

Meneja alikuwa amepauka. "Nahodha," alisema, "twende ndani tuzungumze."

"Ndani tumezungumza miaka mitatu, mwanangu."

Mwalimu ndiye aliyeinuka kwanza. Alivua miwani yake myeusi, akamshika nahodha mkono, akamkalisha kwenye kiti chake laini kama anavyomkalisha mwanafunzi aliyeanguka uwanjani. "Kaa hapa," alisema. "Mimi nimetoka huko unakokuogopa. Nikikaa vizuri nitakusimulia."

Meneja alikuwa mwema, tulisema, na hakuwa mjinga. Kumleta nahodha mwingine kungechukua siku mbili, na kwa siku mbili maji yangeshuka mpaka mafungu ya mchanga kule chini yasipitike. Akamtazama Mama Mashuka. "Unaweza kutupitisha?"

"Usukani sijawahi kuushika. Lakini naweza kumwambia anayeushika."

Anayeushika alikuwa fundi wa injini, mtu wa miaka arobaini aliyepewa jina la Haraka, kwa kejeli, kwani hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha. Alishika zamu za maji mapana tu. Mama Mashuka alipanda vidaraja kumi na kimoja, akaingia chumba ambacho kwa miaka tisa aliingia kukipiga deki, akasimama kando yake. Kutoka pale omo ilionekana ndogo, na ukingo wake mwembamba. Alifikiria ilikuwaje kwa mtu kusimama hapa na kuona uji, na doa moja jeupe ndani yake. Machozi yalimjia, akayafuta na mkono wa gauni, maana yalimzuia kuona maji.

"Usiogope, Mama," Haraka alisema, taratibu kama kawaida yake. "Mimi nikishika zamu huwa naenda na taulo zako tangu mwaka juzi. Mlidhani sina macho?"

Angemkasirikia, lakini nanga ilikuwa imekwisha kupanda, na mkondo ulikuwa umeishika meli. Kisiwa kilikuja. Kupanda ni kulia. Kushuka, njia ile ile nyembamba inakuwa kushoto. Wageni wa usukani wengi wamekosea hapo hapo. Haraka alikuwa anatoka jasho puani. Vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania, vinasubiri neno.

Mama Mashuka alifungua mdomo kulisema, ndipo alipomwona.

Nahodha alikuwa ameinuka kwenye kiti cha mwalimu. Alipapasa sakafu mpaka akalipata kapu, akapapasa ndani yake akatoa taulo moja nyeupe. Kichwa chake kilikuwa kimeinama upande, anasikiliza maji yanavyogonga mawe ya kisiwa. Kisha akasogea, mkono juu ya chuma, hatua kwa hatua, akaifunga taulo kwenye ukingo wa kushoto, fundo mara mbili, akaipapasa kuhakikisha haina mkunjo. Mama Mashuka hakuhitaji kuambiwa. Maji alikuwa ameyasoma kitambo.

"Kushoto," alimwambia Haraka. "Nahodha amesema kushoto."